Kawia Ufike: Siku Tatu Tumbatu

Kwa muda wa miaka thelathini nilikuwa nikipita Tumbatu bila ya kushuka. Kila nilipokwenda Pemba, kisiwa hicho kilitokeza ubavuni mwa chombo, kirefu na cha chini, kisha kikabaki nyuma. Nilikijua kwa sifa ya mabaharia wake na kwa lahaja yake, Kitumbatu, ambayo sisi wapenzi wa lugha huitaja mara kwa mara. Ardhi yake sikuwa nimeikanyaga. Kilichonishusha hatimaye ni upepo, wala si elimu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, miaka michache iliyopita. Kaka yangu alikuwa amefariki Wete, na khitma yake ilipangwa kusomwa Ijumaa. Nilitoka mjini Jumanne katika jahazi la jamaa lililopakia mabati na saruji, nikiamini kwamba siku zinatosha. Tulipofika baina ya Tumbatu na Mkokotoni, upepo wa kusi ukazidi nguvu. Nahodha akashusha tanga, akatia nanga mahali palipokingwa na nchi kavu, akasema kwamba hatutaiingia bahari ya Nungwi mpaka upepo upoe. Nilimkumbusha habari ya Ijumaa.

“Bwana, marehemu ameshazikwa,” alinijibu kwa upole. “Mimi nina roho saba za kufikisha.”

Halafu akataja jina moja tu: Skagit. Ndiyo meli iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika upepo wa msimu kama ule ule. Sikuongeza neno.

Jumatano asubuhi ngalawa ikanivusha mpaka Jongowe, kijiji kilicho kusini mwa kisiwa. Nilianza kwa sheha, kama inavyotaka adabu, naye akanipa mzee mmoja wa kuniongoza mpaka Makutani, penye magofu ya mji wa kale. Ukifika pale, mji huuoni mara moja. Unaona vichaka na mawe, kisha jicho linazoea, na mawe yanaanza kujipanga: huu ulikuwa ukuta, hapa palikuwa na mlango, hiki ni chumba. Karibu kabisa na maji umesimama msikiti, au kilichobaki katika msikiti, na bahari imeusogelea mno. Tulikaa katika kivuli cha ukuta wake, povu la mawimbi likipiga chini yetu.

Nilimwuliza mzee ni nani waliojenga mji ule. Nilitaraji anitajie Shirazi, kama tulivyozoea kusimuliwa. Akaniangalia kidogo, akasema, “Wenyewe.”

Jibu hilo linalo shahidi wa zamani sana. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliandika kamusi kubwa ya miji na nchi, na ndani yake akakitaja kisiwa anachokiita Lanjuya, yaani Unguja, kuwa ni kikubwa, ni makao ya mfalme wa Zanj, na ni kituo cha vyombo kutoka kila upande. Kisha anasema kwamba watu wake wamehamia kisiwa kingine kiitwacho Tumbatu, ambacho wakaazi wake ni Waislamu. Mfasiri hana budi kusimama hapa. Yaqut hasemi kwamba Tumbatu ilijengwa na watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Anasema wakaazi wa Unguja walihama, yaani walivuka mkondo ule ule niliouvuka mimi kwa ngalawa asubuhi ile. Sikusudii kuzivunja nasaba za watu, kwani wageni walikuja, wakaoa, wakazaa, na majina yao yamebaki. Lakini mgeni hufikia kwa mwenyeji. Pasipokuwa na mwenyeji hapana mji.

Na huyo Yaqut mwenyewe hakufika kwetu. Alizaliwa nchi ya Rum, akatekwa utotoni, akanunuliwa na mfanyabiashara wa Baghdad ambaye alimsomesha ili amwekee hesabu, akamtuma kwenda kuuza na kununua mpaka kisiwa cha Kish katika Ghuba. Alipopata uhuru wake aliishi kwa kunakili vitabu, na kwa kunakili akawa mwanachuoni. Sijui mwandishi wa zamani ninayemwonea fahari zaidi kuliko huyu. Na si vigumu kukisia kwamba habari za visiwa vya mbali huwafikia watu wa namna yake katika bandari kama Kish, ambako mabaharia hukaa wakingoja upepo na kuzungumza.

Maana kungoja ndiko kulikoijenga pwani hii. Neno letu msimu ni mawsim la Kiarabu, na Wareno nao walilichukua neno hilo hilo walipoingia katika bahari hii. Chombo cha Ghuba kilishuka kwa kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na hakikuweza kurudi mpaka kusi ianze. Katikati ya pepo hizo mbili mtu alikaa. Alihitaji nyumba ya kulala, maji, chakula, msikiti, mtu wa kumwekea bidhaa na mtu wa kumdhamini kwa wanunuzi. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameeleza jinsi ilivyokuwa Muqdisho: kila mfanyabiashara aliyeshuka alichukuliwa na mwenyeji wake, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara ilikwenda kwa kuaminiana, na watu huaminiana kwa kukaa pamoja. Miezi hiyo ya kukaa ndiyo iliyozaa ndoa, madeni, maneno ya kuazimana, na watoto wenye babu wawili katika bandari mbili.

Hata majengo yenyewe yalitaka subira. Tumbawe la kujengea mihirabu hukatwa baharini likiwa bichi, likachongwa lingali laini, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Chokaa huchomwa kwa mawe na kuni, ikatiwa maji, ikawekwa miezi kabla ya kuguswa. Mji wa Makutani ulisimama hivyo kuanzia karne ya 12 mpaka karne ya 14, na ng'ambo yake, Mkokotoni, palikuwa na mji mwenziwe, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wameokota ushanga mwingi wa kioo. Baadaye watu wakauacha.

Sasa fikiri jambo hili. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kuliko wote, alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea mpaka Kilwa. Unguja na Tumbatu zilikuwa njiani mwake, na hakuziandikia hata neno. Yaqut, ambaye hakuja, ametuachia habari ya Tumbatu. Wa kwanza alipita na upepo wake. Wa pili aliwasikiliza waliokaa. Niliwaza hayo pale ukutani, nikajihesabu miaka yangu thelathini, nikajiona niko upande wa Ibn Battuta, ila sina safari zake.

Alhamisi nilirudi Makutani, na mzee akanionyesha kwa fimbo mahali paliposimama kuta alizozijua utotoni. Baadhi ya mahali hapo sasa ni kifusi, na pengine ni maji matupu. Hakulalamika. Aliniomba tu niandike kwamba mawe yale si ya kuchukuliwa. Nimeandika.

Ijumaa upepo ulikuwa haujapoa. Nikaswali Jongowe, moyo wangu uko Wete, ambako saa ile ile watu walikuwa wakikaa kumsomea kaka yangu. Baada ya swala mzee akamwinamia imamu, akamnong'oneza. Imamu akageuka, akauliza jina la marehemu na jina la baba yake. Nikalitaja. Watu ambao hawakupata kumwona kaka yangu wakainua mikono wakamsomea Fatiha, kisha nikachukuliwa kwenda kula. Nilikuwa nimesoma mengi juu ya mwenyeji na mgeni katika bandari za kale. Siku ile nilikuwa mgeni mwenyewe.

Jumamosi alfajiri nahodha alitoa mkono nje, akaupima upepo, akaamuru nanga ing'olewe. Tuliipita Nungwi bila ya tabu, na jioni tukafika Wete, watu saba kama tulivyoondoka. Khitma ilikuwa imekwisha. Shemeji yangu alikuwa amenitengea sahani, ameifunika kwa kawa, akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

“Tumbatu,” nikamwambia.

“Kuna nini Tumbatu?”

Nikaketi, nikaanza kumhadithia, nikaanzia na ile Fatiha.