Mbinu za kupunguza matiti bila kuacha makovu makubwa

MATITI makubwa kupita kiasi ni mzigo ambao aghalabu hautambuliwi na wasioubeba. Uzito wake huvuta shingo, mabega na mgongo hadi maumivu yakawa ya kila siku. Kanda za sidiria huacha alama za kina mabegani, nayo ngozi iliyo chini ya titi huchubuka na kuota vipele kutokana na jasho, hasa katika sehemu zenye joto.

Upasuaji wa kupunguza matiti huondoa sehemu kubwa ya adha hizo. Hata hivyo, wanawake wengi husitasita kwa kuhofia makovu. Hofu hiyo ina msingi, kwani hakuna upasuaji wa aina hii usioacha kovu. Linaloweza kubadilishwa ni urefu wa kovu na mahali litakapokaa.

Damu kwanza

Ili kuelewa kwa nini daktari hawezi kukata anavyotaka, yafaa kujua kwamba chuchu huishi kwa damu na neva zinazopitia ndani ya titi. Kwa hivyo, daktari huiacha chuchu ikiwa imeshikamana na kipande cha tishu mithili ya kikonyo cha tunda. Kisha huondoa tezi, mafuta na ngozi iliyozidi, na kuihamishia chuchu juu ikiwa bado imeshikilia kikonyo hicho. Kikonyo kikikosa damu ya kutosha, chuchu yaweza kufa.

Kwa matiti makubwa mno, kikonyo huwa kirefu kiasi cha kuhatarisha chuchu. Hapo daktari anaweza kuikata chuchu kabisa na kuipandikiza upya, mbinu ambayo daktari Max Thorek wa Chicago aliieleza mwaka wa 1922. Mbinu hiyo huondoa uwezo wa kunyonyesha na sehemu kubwa ya hisia za chuchu.

Kovu la nanga

Mwaka wa 1956, daktari Mmarekani Robert Wise alichapisha kielelezo cha kukatia ngozi ambacho kimetumiwa kote duniani hadi leo. Kovu lake huzunguka duara jeusi la chuchu, hushuka wima, kisha husambaa kushoto na kulia katika mkunjo ulio chini ya titi. Umbo lake ni kama la nanga.

Mbinu hii ina sifa yake: humwezesha daktari kuondoa ngozi nyingi na kukadiria matokeo mapema. Kasoro yake ni urefu wa kovu la chini. Ncha zake, hasa ile inayokaribia katikati ya kifua, huwa na mwelekeo wa kufura.

Kovu la wima

Daktari Claude Lassus wa Ufaransa ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa mbinu isiyohitaji kovu hilo la chini. Madeleine Lejour wa Brussels, Ubelgiji, aliiendeleza katika miaka ya 1990 kwa kunyonya mafuta kwanza, kisha kuzishona pamoja nguzo mbili za tishu ndani ya titi. Mwaka wa 1999, Elizabeth Hall-Findlay wa Canada alichapisha njia nyepesi zaidi, ambapo kikonyo hutoka upande wa ndani wa titi.

Siri ya mbinu hii ni kwamba umbo la titi hutegemea tishu zilizoshonwa ndani, wala si ngozi iliyovutwa. Mshono wa ngozi usipobeba uzito, kovu halipanuki kwa urahisi. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba ngozi ya chini huwa na mikunjo mwanzoni, na huchukua miezi kadhaa kutulia.

Duara na mrija

Mwaka wa 1990, Louis Benelli wa Ufaransa alieleza mbinu inayoacha kovu kandokando ya duara la chuchu pekee, likizuiwa kupanuka kwa uzi usioyeyuka. Inafaa pale ambapo kinachopunguzwa ni kidogo. Ikilazimishwa kwa titi kubwa, hulifanya kuwa bapa na duara kutanuka.

Kovu dogo kuliko yote hutokana na kunyonya mafuta kwa mrija kupitia vitundu vidogo. Lakini njia hii haiondoi ngozi wala kuinua chuchu. Huwafaa wenye matiti yaliyojaa mafuta na ambayo hayajalegea sana.

Keloidi

Watu wenye ngozi nyeusi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata keloidi, yaani kovu linalofura na kuvuka mipaka ya jeraha. Aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoga masikio au kuchanjwa sharti amweleze daktari kabla ya kisu kugusa ngozi. Bandeji za silikoni na sindano za steroidi husaidia kulituliza kovu, ambalo huweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi kukomaa na kufifia.

Kabla ya kuamua

Sigara hupunguza damu ifikayo kwenye jeraha, hivyo anayevuta huagizwa kuacha wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji. Anayenuia kunyonyesha ajue kuwa uwezo huo waweza kupungua hata kikonyo kikihifadhiwa. Wanawake waliotimu miaka 40 kwa kawaida hupigwa picha ya matiti kwanza, na tishu zilizoondolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa saratani.

Nchini Kenya, mgonjwa ana haki ya kuthibitisha iwapo daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na iwapo ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Aidha, amwombe amchoree kwa kalamu mahali kovu litakapopita, na amweleze sababu ya kuchagua mbinu hiyo. Anayeahidi kutoacha kovu lolote ni wa kuepukwa. Kovu refu kwenye titi lenye afya ni afadhali kuliko kovu fupi lililoigharimu chuchu uhai wake.