Mbangara Ilipopanda Gari

Kabichi ndizo zilizotangulia. Ilikuwa jioni ya Desemba 1984, tunapanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi na lori tupu, mimi utingo, nimesimama nyuma nimeshika bomba. Kwenye kona moja chini ya Josa nikaona kabichi inashuka barabarani peke yake. Ikafuata ya pili, kisha kumi kwa mpigo, zikidundadunda kwenye lami kama mipira ya watoto wa shule. Dereva wangu, mtu wa Sagalla asiyependa maneno, akakanyaga breki na kusogea kushoto mpaka kioo kikakwaruza mwamba. Nilidhani ni gunia limefunguka mahali. Mara pikapu yenyewe ikatokeza, iko upande wetu, taa moja imekufa, na haina mlio.

Ukimya ule ndio nisiousahau. Gari linaloteremka milima ya Taita hunguruma, kwa sababu dereva mwenye akili zake huteremka na gia ileile ambayo angepandia, injini ikamsaidia kuzuia. Hili lilikuwa limetiwa nyutro ili kubana mafuta, na breki zilishachoka zamani. Harufu ya breki zilizoungua ilitufikia kabla ya bodi. Likatupita kwa upana wa kiganja, likarudi upande wake likiwa limechelewa, likagonga mawe yaliyopakwa chokaa ukingoni, likaenda.

Nitarudi kwenye kona hiyo. Kwanza nieleze pombe ilifikaje pale, maana ilitembea safari ndefu.

Nimezaliwa Dawida, juu huko ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Babu yangu alikuwa na miwa kando ya kijito, na hakuiuza. Miwa ile ilikuwa ya mbangara. Ilimenywa, ikakatwa vipande, ikatwangwa kwenye kinu cha mti, ikakamuliwa, na maji yake yakawekwa karibu na moto yaanze kuchemka yenyewe bila kuchemshwa. Sisi watoto tuliruhusiwa kunywa yakiwa bado matamu. Kesho yake jioni tulifukuzwa, na kwa kufukuzwa tukajua imeiva.

Mbangara haikuwa na bei, ilikuwa na sababu. Wageni wamekuja kuzungumza mahari, majirani wamekuja kulima, wazee wanaamua kesi ya mpaka wa shamba. Na kuliko yote, ilikuwa ya kutasa. Asiye Mtaita nimweleze: mzee hujaza pombe kinywani, au maji ya miwa yasiyochachuka, au hata maji matupu, kisha huyapuliza nje kama mvua nyembamba huku akitamka maneno ya baraka. Mama mmoja wa Kimarekani, Grace Harris, alikaa kwetu kati ya 1950 na 1952 akiyatazama mambo hayo, na kitabu alichokichapisha mwaka 1978 kinahusu kitu kimoja tu hicho: kutoa hasira. Waliomfundisha walimwambia kwamba hasira ya mtu wa karibu, hata ikifichwa moyoni, inaweza kuleta ugonjwa na mikosi kwenye boma. Dawa yake ni kuitema. Kwa hiyo pombe bora kabisa ya Taita ilikuwa ile iliyotoka mdomoni. Iliyobaki ndiyo ilinywewa.

Ilinywewa sana, nisidanganye. Babu alilewa, na mimi ndiye niliyemwongoza njiani nikiwa nimebeba fimbo yake. Lakini njia ya miguu ya milimani hupanda moja kwa moja, jiwe hadi jiwe, na mlevi anayeanguka pale huanguka kwa urefu wake mwenyewe. Anaamka na goti lililochubuka na jina la utani. Tena, kabla hajaondoka, mama mwenye nyumba alikuwa na neno lake: "Mghosi, lala hapa." Mghosi ni mzee, na halikuwa ombi. Ngozi ilikuwa imeshatandikwa. Nikiulizwa leo sheria ya kwanza ya usalama wa barabarani Taita ni ipi, nitataja hiyo.

Wamisionari hawakuiona hivyo. Waanglikana walifika Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki wakaja Bura mwaka 1892, na wote wawili, kila mmoja kwa ukali wake, wakaitazama mbangara kama kamba inayomfunga mtu kwenye mizimu. Boma likagawanyika: wasomi huku, wanywaji kule. Baba yangu alikuwa wa ubatizo, babu wa kinu, na mimi nilikula kwa wote wawili.

Kisha ikaja reli. Ilianzia Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1898, mwaka wa simba wale wa Tsavo waliokula vibarua, ilikuwa imeshapita Voi, kama maili 100 kutoka pwani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Waingereza walitandika tawi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta ili kuwafuata Wajerumani; kazi ilianza mwaka 1915. Mashamba ya katani yakaenea tambarare. Hapo likazaliwa jambo geni kabisa kwa mtu wa milimani, nalo ni mwisho wa mwezi. Mtu ana fedha mfukoni, yuko mbali na mama mwenye ngozi ya kutandika, na pombe inauzwa na mtu asiyemjua jina.

Voi ikawa mji wa vileo vya kila kabila. Mnazi ulipanda treni kutoka pwani, ukanywewa kwenye mangwe, yaani vilabu vya mnazi, kwa mboko na mrija. Kiswahili chenyewe kinatucheka hapa: tembo ni mnyama, na tembo ni pombe ya mnazi. Sisi wa Voi tumezungukwa na wote wawili. Mwenye gari akitoka Maungu usiku anaweza kumkuta wa kwanza amesimama katikati ya lami, rangi moja na giza, na akiwa amembeba wa pili tumboni hatamwona mpaka amguse. Hata bia ya chupa ina tembo wake. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo akiwa kwenye mawindo; ndiyo asili ya jina Tusker. Wazee wetu waliiona chupa hiyo kwa mbali tu, kwani mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinunua. Ilipofunguliwa ikawa cheo. Mwenye chupa mezani alikuwa karani, mwalimu, dereva. Dereva hasa.

Maana wakati huo barabara zilishapanda milima, na barabara ya gari haina ujasiri wa mguu. Voi iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi imepita 1,400, na mwendo mwingi wa kupanda umesongwa kwenye kipande kifupi baada ya Mwatate. Mguu ungepanda tu. Gari lazima lizungushwe, kona kulia, kona kushoto, upande mmoja mwamba, upande mwingine hewa. Kupanda si tabu sana. Gari dhaifu litakataa na litasimama. Kuteremka ndiko kunakomtaka dereva mzima. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na hapo huna la kufanya isipokuwa gia, na gia ndogo haiingii gari likishakimbia. Lazima uichague juu kabisa, kabla hujaona haja yake. Mtu aliyekunywa anakosa ile dakika ya kufikiria mbele.

Na sababu za kuteremka zilikuwa nyingi. Milima yetu inailisha Mombasa mboga. Kabichi, nyanya, pilipili hoho, zinakusanywa alasiri na kushuka usiku ili zifike sokoni alfajiri. Kungoja mzigo ujae ni saa tatu, nne. Dereva wa Mombasa anasikia baridi ambayo hajazoea. Anaulizwa kama amewahi kuonja mbangara.

Serikali nayo ilikuwa ikifukuza, lakini ilifukuza chungu. Gurudumu lilikuwa na sheria yake tangu zamani: huko London dereva wa teksi, George Smith, alitozwa faini kwa kuendesha amelewa mwaka 1897, wakati reli yetu ikikata nyika ya Taru. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, ilianza kazi mwaka 1954, na kifungu chake cha 44 kinamkataza mtu kuendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Mwaka huohuo wa 1954 Mmarekani Robert Borkenstein alibuni mashine ya kupima pombe kwenye pumzi. Ilichukua takriban miaka sitini mashine ya namna hiyo kufika Voi. Katikati ya miaka hiyo ushahidi ulikuwa pua ya askari na mstari uliochorwa chini kwa chaki.

Chungu hakikupewa nafasi hiyo. Mwaka 1980 chang'aa, pombe kali ya kuchemshwa, ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu, na machifu walipoanza misako hawakubagua sana kipi kimechemshwa na kipi kimechachuka. Nyumba yenye kinu cha miwa ikawa nyumba ya kuviziwa. Mimi naona hapo ndipo tulipopotea. Mbangara ni nzito, ni nyingi, inanuka mtaa mzima, haifichiki. Chang'aa inaingia kwenye chupa ya dawa. Misako ikaiua ile dhaifu na kuinenepesha ile kali, na mnywaji akahama kutoka bomani kwenda kichakani au kwenye baa ya kando ya barabara. Kote kuwili hakuna wa kumwambia lala hapa.

Yaliyofuata mnayajua. Februari 2004 kanuni za waziri Michuki zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kwenye kona ya Josa kilomita 80 ni kichekesho, lakini matatu zilitulia, hilo nakiri. Mwaka 2010 ikaja sheria ya pombe tuliyoiita ya mbunge Mututho, ikaihalalisha chang'aa kwa masharti na kuziamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi. Mimi, utingo wa zamani, nilikuwa dereva bado. Saa tano na dakika tano mji mzima ulikuwa barabarani kwa pamoja, walevi wote kwa zamu moja, kila mmoja akiwa amekunywa haraka kuwahi muda. Kisha ikaja alkobulo, mashine ile ya kupima pumzi: miligramu 0.35 za pombe kwa lita moja ya pumzi, ndio ulikuwa mwisho. Nilipuliza mara mbili Voi, mdomo mkavu kama mwenye hatia ingawa nilikuwa nimekunywa chai. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zake zinagongana na sheria mama, kifaa kikatoweka, baadaye kikarudi. Bodaboda hawakuwahi kukiogopa. Kijana anayeteremka na abiria wawili usiku, injini imezimwa, anafanya kilekile cha pikapu ya 1984, bila hata bati la kumkinga.

Pikapu ile ilisimama kwenye mti, mita kama thelathini chini. Niliteremka nikishika nyasi. Mwanamke aliyekuwa ameomba lifti alikuwa amekufa. Leso yake ilikuwa imefungwa vizuri bado, na fundo la fedha kwenye pindo. Dereva alikuwa hai, amekaa kwenye majani, mguu mmoja peku, akiniuliza kwa adabu kama nimekiona kiatu chake. Alinuka kama kinu cha babu. Ndani ya gari, chini ya kiti, mtungi wa plastiki wa lita tano ulikuwa mzima, kifuniko kimekaza, povu linapanda ndani.

Watu walijaa upesi, kama ilivyo kwetu. Unadhani mlima hauna mtu, kumbe una macho. Waliomjua yule mama walianza kulia, kisha vijana wakanyamaza kwa namna niliyoielewa. Mmoja aliokota jiwe. Askari wawili walikuwa wameshafika, wamesimama juu barabarani na tochi, na hawakuwa na haraka ya kushuka.

Mzee aliyekuwa akiishi juu ya kona alishuka akitanguliza fimbo. Alimtazama marehemu, akamtazama dereva, akamtazama mwenye jiwe. Akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu na gari, nimpe mtungi. Nikampa. Askari mmoja akapaza sauti kutoka juu: "Mzee, huo ni ushahidi." Mzee hakujibu. Akafungua, akajaza kinywa, akapuliza kuelekea lilikotoka jua. Akanena maneno yake kwa Kidawida, polepole, akitaja barabara, na maji, na watoto wa nyumba ya yule mama. Akajaza tena, akapuliza upande wa dereva, na matone yakamwangukia usoni. Yule mtu akaanza kulia hapo, kwa mara ya kwanza.

"Tutoe hasira kwanza," mzee akasema kwa Kiswahili, ili sisi wa lori pia tusikie. "Kisha tumtoe huyu."

Kijana akaliweka jiwe chini. Tulimbeba mama kwa turubai ya lori letu, tukarudi kumbeba dereva, na kwa kuwa alikuwa mzito walibadilishana wanne, mwenye jiwe akiwa miongoni mwao. Juu barabarani askari aliupokea mtungi, akautikisa sikioni kukadiria kilichobaki, akakaza kifuniko, akauweka nyuma ya Land Rover katikati ya kabichi ambazo mwenzake alikuwa ameanza kuokota.