Shoku: Mzunguko wa Damu Kufeli

Mwambie ndugu wa majeruhi kwamba mgonjwa wake "ana mshtuko", na huenda akashusha pumzi. Mshtuko anaoujua yeye huletwa na habari mbaya au kishindo, na hutulizwa kwa maji ya kunywa na maneno ya faraja. Muuguzi aliyelitamka neno hilo ana maana nyingine kabisa: damu haifikishi oksijeni ya kutosha kwenye ubongo, figo na viungo vingine, na mgonjwa asipohudumiwa haraka atakufa.

Mkanganyiko huu tumeurithi. Katika karne ya 18, maandishi ya daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Henri-François Le Dran, kuhusu majeraha ya risasi yalitafsiriwa kwa Kiingereza, na mfasiri akatumia neno "shock", lenye maana ya kishindo. Elimu ya mzunguko wa damu ikakua, jina likabaki lilelile. Sisi nasi tukalitafsiri jina, ugonjwa tukauacha.

Wodini watu wameshajitatulia. Husema "huyu yuko kwenye shoku", na kati ya wauguzi hilo linatosha. Kwa ndugu, na kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeanza, napendekeza tuseme "mzunguko wa damu kufeli". Watanzania wamezoea kusikia figo kufeli na moyo kufeli, na hakuna anayedhani figo iliyofeli hupona kwa kutulizwa.

Karatu, mkoani Arusha, jambo hili ni zito kuliko mjini. Barabara ya kwenda Ngorongoro na Serengeti inapita hapo. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wakafariki. Hospitali ya mkoa ya Mount Meru iko Arusha mjini, kilomita 140 hivi kutoka Karatu. Ukipita lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, unaiacha lami, na anayetoka vijiji vya upande wa Endulen husafiri kwa barabara ya vumbi au tope. Kwa umbali huo, anayeamua mapema mara nyingi ni muuguzi wa zahanati, mwenye mashine ya presha na vidole vyake.

Vidole ndivyo vinavyotangulia. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi, na anaweza kupoteza lita moja huku presha bado ikisoma vizuri, kwa sababu mwili hubana mishipa ya ngozi na moyo huongeza kasi. Chukua mama aliyejifungua usiku: presha 110 kwa 70, mapigo 128, viganja baridi, anauliza swali lilelile mara tatu, na kanga aliyolalia imelowa. Anayesubiri presha ishuke amechelewa. Huyu anahitaji tumbo la uzazi likandwe, oksitosini, kanula, na simu ya bure namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa kina mama.

Kipimo cha ukucha nacho kina mtego wake huku. Unabonyeza mpaka pawe peupe, unaachia. Wekundu ukirudi baada ya zaidi ya sekunde 3, ni dalili mbaya. Lakini ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai hata mzima ana vidole vya barafu. Mfunike mgonjwa blanketi, kisha bonyeza kifuani, juu ya mfupa wa kidari. Angalia pia mapigo, fahamu na mkojo.

Jina lililo wazi linatulazimisha pia kuuliza mzunguko umefeli kwa nini. Kwa miaka mingi jibu la shoku lilikuwa moja: ongeza maji haraka. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo Hospitali ya Teule, Muheza. Ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko dhaifu. Waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ndani ya saa 48: kama asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa humo. Kwa hiyo mtoto aliyekauka kwa kuharisha bado anahitaji maji, na mwenye malaria kali aliyepauka anahitaji damu. Dripu ileile ya kasi kwa wote wawili ni hatari, na hilo tumelijua kutokana na watoto wa hapahapa kwetu.

Muuguzi mwenzangu, katika barua ya rufaa usiishie kwenye neno "shoku". Andika mapigo, sekunde ulizohesabu, mkojo, chanzo unachokishuku na maji uliyokwisha kumpa. Kisha mgeukie ndugu umwambie: mzunguko wa damu umefeli, tunaondoka sasa hivi.