Masomo ya Usiku, Mikumi

Nimefundisha hesabu Mikumi, kando ya barabara ya Tanzam, tangu enzi za chaki na ubao mbovu. Vijana wa leo hudhani kusoma baada ya kengele kumeletwa na simu. Thubutu! Mwaka 1973 watu kama milioni 2 nchini walikaa kwa vikundi kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya redioni, na mwalimu alikuwa sauti isiyoonekana. Baadaye zikaja kopi: mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani ilitoka Morogoro mikononi mwa kondakta, ikafika imekunjwa, ukurasa wa mwisho haupo.

Machi 2020 shule zikafungwa kwa korona, na kidato cha nne wakahamia kikundi cha WhatsApp. Simu ni ya mama, maana aliye chini ya miaka 18 hasajili laini kwa jina lake. Basi somo humsubiri mama arudi kutoka gengeni. Saa mbili usiku inaingia picha ya swali la logi, kivuli cha kidole juu ya daftari. Mmoja anajibu kwa sauti, mwenzake anambishia. Sheria waliitunga wenyewe: jibu tupu halipokelewi, onyesha njia. Wenye vitochi walikuwa na Makini SMS ya Shule Direct, asasi aliyoianzisha Faraja Nyalandu mwaka 2013.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Kikundi hakikufungwa, na bado naulizwa, “Ticha, namba tano umeifikiaje?”