Jina Moja, Ndimi Mbili

Mwaka 1895, karibu na kanisa la Castelldwyran, kusini-magharibi ya Wales, lilipatikana jiwe la ukumbusho ambalo wataalamu wamelibishania sana. Usoni lina msalaba ndani ya duara, na maneno matatu ya Kilatini: Memoria Voteporigis Protictoris. Yaani, kumbukumbu ya Voteporix, mlinzi. Cheo hicho ni cha Kirumi, na utawala wa Warumi Uingereza ulikwisha mnamo mwaka 410. Jiwe hukadiriwa kuwa la karne ya 6! Bosi kaondoka zamani, jamaa bado anajivunia cheo.

Sasa ewe msomaji, tazama ukingoni. Kuna mikato mifupi mifupi, utadhani mtu alikuwa akihesabu magunia ya mahindi. Kumbe ni herufi! Ni ogamu, maandishi ya kwanza ya Kiayalandi. Herufi zake za asili ni 20, mafungu manne ya tano tano: mikato ya upande huu, ya upande ule, ya kukatisha ukingo, na vidoa vya irabu. Mawe ya aina hii yanayojulikana ni kama 400, mengi yako kusini mwa Ayalandi, hasa Kerry na Cork, na mengi husema jambo moja tu: fulani bin fulani. Maqi yao ni kama bin yetu.

Ukingo huu unasema Votecorigas. P imekuwa C. Fundi hakukosea hata kidogo. Waayalandi walikuwa wamevuka bahari wakalowea pande hizo, na Kiayalandi cha wakati ule hakikuwa na sauti ya P. Basi marehemu wenyeji walimwita Vo-te-po, wageni Vo-te-ko, naye akaitika kotekote.

Mwanzoni wasomi walishangilia: eti huyu ndiye Vortipor, mfalme aliyesutwa vikali na mtawa Gildas! Baadaye wanaisimu wakatazama vizuri. Baada ya VO hakuna R, si kwa Kilatini, si kwa ogamu. Yaelekea ni mtu mwingine kabisa.

Nakiri nilinuna, maana mfalme mwovu ni mtamu riwayani. Lakini Vortipor kasimuliwa na aliyemchukia. Huyu alikuwa na watu waliogharimia fundi na jiwe, wakaandika jina lake mara mbili ili asiwepo jirani wa kushindwa kulisoma. Siku hizi jiwe limehifadhiwa katika makumbusho ya Carmarthen.