Polio Iliondoka, Kazi Ikabaki

Huduma ya walemavu pwani ya Kenya haikuanzishwa na hisani tupu. Iliitwa na polio. Mtoto alilala na homa, akiamka mguu haumtii. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nilikulia Kisauni, ambako nyanya alinikanda kwa mafuta ya simsim huku jirani akisema ni mambo ya pepo.

Mwaka 1958 kiliundwa Chama cha Walemavu wa Viungo Kenya, ambacho wengi tunakiita APDK. Kazi kubwa ya miaka ile ilikuwa vyuma vya miguu, viatu na magongo. Asiyewahi kuvaa chuma hajui shida yake: mtoto hukua, chuma hakikui. Mkanda wa ngozi hukatika, kiatu huisha soli, kibano cha goti hulegea. Kwa hiyo chuma kimoja hakitoshi. Lazima awepo fundi karibu, tena wa miaka yote.

Chuma kilitusimamisha, lakini kusimama si kula. Ndipo 1969 APDK ikafungua karakana za Bombolulu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara ya Malindi. Walemavu walifua shaba wakatengeneza vidani na bangili, wakashona nguo, wakakata ngozi, wakachonga mbao. Watalii walinunua, na bidhaa zikasafiri mpaka Ulaya. Mtu aliyezoea kupewa sadaka ya Ijumaa akawa na mshahara, na ndugu waliokuwa wakimwonea huruma wakaanza kumwomba karo.

Hata hivyo, karakana humsaidia anayeweza kuifikia. Mtoto wa vijiji vya mbali kama vya Kinango au Ganze, asiyeweza hata kuketi, alibaki kwenye mkeka. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani likamtaka Einar Helander na wenzake waandike mwongozo wa kumfundisha mama, jirani na mwalimu kumsaidia mlemavu palepale alipo. Ulijaribiwa vijijini kwa miaka, ukachapishwa 1989. Kenya nayo, kuanzia 1984, ikafungua vituo vya kupima mahitaji ya kielimu ya watoto walemavu.

Nami nikafunzwa kutembelea nyumba. Boriti mbili za mikoko zilisimikwa uani, mtoto akashika huku na huku akijifunza kupiga hatua. Kiti kilitengenezwa kwa mbao za kreti na kutandikwa vitambaa. Swali la kwanza halikuwa la dawa: "Mama, mwanao ukimlisha, anakaa vipi?" Wengi waliwalisha watoto wakiwa wamelala chali, chakula kikawapalia. Zipo nyumba ambazo mtoto hakutajwa kabisa hadi tulipozoeana.

Wakati huohuo chanjo ilikuwa ikifanya kazi yake. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980, na inasemekana polio ya humu nchini ilionekana mara ya mwisho 1984. Kirusi kilirudi 2006 na 2013 kikitokea Somalia, kikadhibitiwa kwa matone ya chanjo. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

Kama huduma ingebaki ya vyuma tu, ingefungwa pamoja na polio. Lakini wahudumu walikwisha kuingia majumbani, wakakuta watoto wenye mtindio wa ubongo na wachanga wenye nyayo zilizopinda, ambazo plasta ya kila wiki huzinyosha bila upasuaji mkubwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 na Katiba ya 2010 zikaongeza kwamba huduma hiyo ni haki yao.

Ndiyo maana huwa sipigi makofi viti vya magurudumu vikigawiwa jukwaani mbele ya kamera. Huuliza kwanza: tairi likipasuka, fundi yuko wapi? Kama hayupo, mwenye kiti atarudi mkekani, na sisi tutakuwa tumerudi kabla ya 1958.