Nywele Zako Si Ngumu, Hazijawahi Kupewa Muda

Wanaume wengi hapa Kenya huzeeka bila kujua nywele zao zinafanana aje. Fikiria tu. Tangu nasari, kila wiki mbili tatu uko kwa kinyozi. Shule ya msingi kipara, sekondari kipara, ukianza kutafuta kazi kipara tena. Unafika miaka 24 na unywele mzee kuliko wote kichwani mwako una mwezi mmoja. Halafu msee anasema kwa ujasiri, "Mimi nywele zangu ni ngumu."

Buda, umejuaje?

Leo tuongee vile nywele za mwanaume hubadilika zikiachwa zirefuke. Watu hudhani hii ni stori ya fasheni. Kwetu ni stori ya historia, na imemwaga damu. Lakini tuanze na mwili.

Nywele za wengi wetu hutoka kwa kinyweleo kilichopinda, na unywele wenyewe umebonyea kidogo kama utepe, hauna mviringo kamili. Ndio maana hujisokota ukitoka. Ukiwa mfupi haujapata urefu wa kujikunja, kwa hivyo ukipitisha kiganja unagusa maelfu ya ncha zilizokatwa na mashine. Hizo ncha ndizo unaita ugumu. Nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Baada ya miezi michache mikunjo inatokea, mmoja unashika mwingine, na kichwa kinaanza kuwa kama sufu.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, juu ukavu unaingia. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka haraka kwa unywele ulionyooka, lakini kwa uliojisokota ni kama gari kwa barabara ya kona kona, mwisho hayafiki. Mzizi uko poa, ncha imekauka. Na kumbuka ncha ndiyo sehemu nzee: unywele wa sentimita 24 una mwisho ambao umepigwa na jua karibu miaka miwili.

Na ukiacha kuchana kabisa? Kila siku mtu hupoteza nywele kama 50 hadi 100, ni kawaida. Kichana ndicho huziondoa. Bila kichana, zilizong'oka zinabaki zimeshikana na zinazoota, fundo juu ya fundo, mpaka inakuwa kamba. Hiyo kamba ndiyo dredi. Unaweza kuisaidia kwa kusokota, lakini hata usipoisaidia itakuja. Inataka muda tu.

Sasa shika hiyo, twende msituni.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amepigwa risasi mguuni. Hiyo ni miaka minne na siku moja. Picha yake unaijua: amelala chini, pingu mikononi, dredi zimetapakaa. Serikali ya mkoloni iliisambaza ili watu waone mtu aliyeshindwa, mtu wa porini. Mimi nikiiangalia naona kalenda. Miaka minne ni karibu nusu mita ya unywele ukiuvuta, ingawa ukijisokota unaonekana mfupi zaidi. Huwezi kuwa na kichwa kama kile bila kulala nje misimu mingi ya mvua. Kile kichwa kilikuwa ushahidi kwamba jeshi la Uingereza lilimtafuta kwa miaka na halikumpata. Walimnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Na mkoloni alielewa vizuri maana ya zile nywele. Alipounda vikosi vya Mau Mau bandia vya kuwinda wapiganaji msituni, kuna maofisa wazungu waliojipaka rangi nyeusi na kuvaa wigi. Ati wigi! Lakini ukifikiria, ilibidi. Koti unaweza kuiba leo, bunduki unaweza kuokota kesho. Nywele za miaka miwili huwezi kuziotesha usiku mmoja.

Usidhani pia kwamba mambo haya yalianza 1952. Morani wa Kimaasai alifuga nywele ndefu, akazisuka, akazipaka mafuta na udongo mwekundu. Vijana wapiganaji wa Agikuyu wa zamani nao walizisokota na kuzipaka hivyo hivyo. Morani akifika sherehe ya Eunoto, mama yake ndiye humnyoa, na wengine hulia, juu ujana wao unaanguka chini pamoja na zile nywele. Hapo nywele ndefu zilikuwa na mwanzo, kazi na mwisho, na wote walijua maana yake. Kwa hivyo mzee akikuambia mwanaume kufuga nywele si mila ya Kiafrika, muulize kwa heshima: mila ya nani, na ya mwaka gani?

Uhuru ulipofika 1963, Jenerali Musa Mwariama alitoka msituni na dredi zake akakutana na Jomo Kenyatta. Angalia picha za siku hizo uone: mmoja amevaa suti, mwingine amevaa miaka yote aliyokaa msituni. Najua leo tunaongea wanaume, lakini Field Marshal Muthoni wa Kirima siwezi kumruka. Yeye alikaa na dredi zake za msituni mpaka Aprili 2022, ndipo Mama Ngina Kenyatta akamnyoa. Karibu miaka 70! Mwaka uliofuata akafariki.

Sasa hii ndiyo sehemu inaniuma. Nchi ilipata uhuru lakini ikabaki na mkasi wa mkoloni. Mau Mau iliendelea kuwa kundi haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 baada ya bendera kupandishwa. Mwaka 2007, tarehe ile ile ya 18 Februari, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Dredi ziko, za shaba. Na chini ya hiyo sanamu, kila siku, anapita kijana ambaye ameambiwa anyoe kwanza ndio aitwe kwa mahojiano ya kazi. Tunaheshimu dredi zikiwa za shaba. Zikiwa juu ya kichwa cha mtu hai tunaita askari.

Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya dredi, ikasema Rastafari ni dini na arudishwe darasani. Ushindi mzuri. Lakini ulisimama juu ya dini. Kijana ambaye anataka tu kujua kichwa chake kinaota nini, bado yuko mikononi mwa meneja na mwalimu wa nidhamu.

Sisemi kila mtu afuge. Kipara ni poa, ukikichagua. Ninachokataa ni hili neno "ngumu". Tulilimeza tukiwa watoto, likatufanya tuamini kwamba kinachoota kwetu ni kosa la kusahihishwa kila wiki mbili. Ukiamua kufuga, kaa ukijua kuna miezi utaonekana vibaya, ncha zitakauka, shangazi ataongea. Weka maji, weka mafuta, subiri. Mwezi wa tatu hautafanana na wa kumi, na mwaka wa pili utakuonyesha kichwa ambacho hujawahi kukutana nacho. Kuna watu waliwindwa na ndege za kivita na bado wakazipa nywele zao muda. Wewe unawindwa na maneno ya shangazi tu.